Kisiwani Nenda Masika

Enzi zetu pale Singida mjini, likizo ilikuwa na wenyewe. Walikuwa nayo walimu, walikuwa nayo watu wa benki na wa posta, na sisi wanafunzi tulikuwa nayo kwa sababu shule ilifungwa. Mwenye duka hakuwa na likizo. Angeipata wapi? Angemwomba nani? Duka lilifungwa kwa msiba, kwa Idi, au mwenyewe akiugua mpaka ashindwe kusimama. Basi. Haya nawaambia wenzangu tuliolingana, maana vijana wa leo wanadhani natunga. Kijana wa leo anachoka Jumatatu asubuhi kabla hajashika kazi, anasema anataka kwenda mahali akapumzishe akili. Akili ipi?

Juzi binti yangu mkubwa, Mwajuma, alinipigia simu kunielimisha. Ana digrii, anafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya vioo. Alikuwa amesikia kwa mama yake kwamba nataka kuwachukua watoto wangu wote wanne, twende Unguja siku saba, mwezi wa nne.

"Baba, shikamoo. Mwezi wa nne haufai. Ule ni lo sizoni."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Ni masika, baba. Mvua tupu. Hata wazungu wanakimbia. Watu wanakwenda mwezi wa saba, wa nane, au kuanzia Desemba mpaka Februari."

Akanitumia kwenye simu chati ya miezi kumi na miwili. Mingine kijani, mingine njano. Mwezi wa nne ulikuwa mwekundu kama nyanya ya kuoza.

Mimi darasa la saba sikufaulu, na sijifichi. Lakini nina mashine mbili za kukamua alizeti, nina malori, nina nyumba ya wageni yenye vigae, na watoto wanne nimewasomesha mpaka wakachoka kusoma wenyewe. Kwa suala la wakati gani mtu aende kisiwani, sihitaji chati ya mtu. Nililijua nikiwa na miaka kumi na moja, na nililijua kwa kosa nililolifanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nyinyi mnaikumbuka miaka ile. Foleni ya sabuni imekwisha, mitumba imeingia, ghafla mtaa mzima umevaa mashati yenye maandishi ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Mimi nilikuwa na fulana yenye picha ya dubu. Tulicheza chandimu kando ya ziwa Kindai kwa mpira wa makaratasi na kamba za katani, tukatengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, na ndege heroe wakiruka kutoka ziwa la Singidani tulikuwa tunawapungia kama ndege za abiria. Nyumbani tunakula ugali wa uwele na mlenda, siku ya mgeni kuku. Hakuna mtoto aliyeulizwa anapenda nini. Ulikuwa unapenda kilichoiva.

Baba yangu alikuwa na duka la chumvi, mafuta, vitenge na vitu vidogovidogo. Alizaliwa Singida, baba yake Mnyaturu, mama yake mtu wa Unguja aliyefuata mume bara na akafia bara. Yeye Unguja hakuwahi kuiona. Alianza na baiskeli, anapeleka chumvi mpaka Nduguti, analala njiani, na ruksa ya biashara ilipokuja akafungua mlango wa duka na hakuufunga tena. Asubuhi tunaamka yuko dukani. Jioni tunalala yuko dukani. Mimi nilimjua baba kwa mgongo, maana ukiingia dukani kwa mlango wa uani, yeye anatazama mtaani. "Mama kasema chumvi." Mkono unakuja nyuma na chumvi. Nakwambia kweli, uso wake nilikuwa nauona vizuri siku ya Idi.

Mbele ya duka letu, barazani ng'ambo ya barabara, alikaa Mzee Ntandu, fundi cherehani. Ule mtaa haukuhitaji redio. Mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani, mdomo unakanyaga watu. Ukipita na suruali iliyochanika anakuuliza kama ni dirisha la jikoni au la sebuleni.

Sasa mwaka ule mama mdogo wa baba aliyebaki kisiwani, Bi Zuwena, aliandika barua. Alikuwa anaandika kila mwaka, na kila mwaka anasema, njoo uone alikozaliwa mama yako. Baba hakujua kusoma. Msomaji wa barua za nyumba ile nilikuwa mimi, darasa la tano, na nilijiona waziri. Nikasimama katikati ya duka nikasoma kwa sauti: "Njooni masika yakishapita, upepo wa kusi ukituletea hewa nzuri." Neno kusi sikulijua. Nikalisoma "kusini."

"Sisi tunatoka magharibi," baba akasema. "Hiyo ya kusini haituhusu. Masika amesemaje?"

"Yakishapita."

Baba akatoka nje, akaangalia juu. Ulikuwa mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imekata wiki mbili, alizeti zimeinamisha vichwa, kule Ilongero kwa wajomba zangu watu wameanza kufukuza ndege kwenye uwele. Akaniuliza, maana mimi ndiye msomi: "Masika yamepita?"

Nikajibu kama mtu aliyeulizwa jedwali la mbili. "Yamepita, baba."

Basi baba akatangaza. Akasema anakwenda Unguja na mke wake na watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu Zaituni, siku saba. Mtaa ukauliza nani amekufa. Akasema hakuna. Nani anaoa? Hakuna. Mgonjwa? Wote wazima.

"Sasa unakwenda kufanya nini?" Mzee Ntandu akauliza kutoka ng'ambo.

"Likizo."

Cherehani ikasimama. Hiyo ilikuwa nadra.

"Likizo! Wewe likizo kakupa nani?"

"Nimejipa."

"Haijawahi kutokea. Likizo inaombwa, bwana. Kwa barua. Inajibiwa kwa barua. Kama ni maji ya chumvi unayataka, ziwa hilo hapo, nenda kaonje urudi dukani!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliniita ndani, akaniambia chukua karatasi. Yeye anasema, mimi naandika. Kwa Mwenye Duka. YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA SIKU SABA. Mimi mfanyakazi wako nimefanya kazi miaka tisa bila kupumzika, naomba uniruhusu niende Unguja na familia yangu. Wako mtiifu. Kisha nikaandika chini yake jibu: Ombi lako limefikiriwa na limekubaliwa. Rudi kazini siku ya nane, siku za njiani hazihesabiwi. Akatoa mhuri wa duka, akaupigia pumzi, akaugonga mara mbili, mara moja kama mwombaji na mara moja kama mkubwa wake. Akaibandika mlangoni kwa uji wa ngano.

Mtaa mzima ulikuja kuisoma. Mzee Ntandu aliisoma kwa sauti, miwani puani, kila nukta. Akamaliza, akasema: "Na ingekataliwa, ungekata rufaa wapi?" Lakini niliona imemwingia. Akaongeza, safari hii bila kucheka: "Haya, nenda. Ila ukirudi hujapumzika, ukirudi mtu yule yule, ile barua nitaishona kwenye mgongo wa shati lako."

Hapo mnaona hali ilivyokuwa. Baba alikuwa ameweka heshima yake mlangoni, imegongwa mhuri, kila mpita njia anaisoma. Asingeweza kurudi na hadithi mbaya.

Tukaondoka na tenga la kuku sita wa Singida, debe la asali ya Itigi, unga wa uwele na mlenda mkavu. Lori la alizeti mpaka Manyoni, kutoka pale treni. Nilikuwa sijawahi kupanda treni na sitaki kuwachosha kwa hilo, kila mmoja wenu ana treni yake ya kwanza. Ninachotaka mjue ni kwamba Morogoro tulikuta mvua.

"Hii ni ya Morogoro," baba akasema. "Milima inaleta."

Ruvu tukakuta mvua zaidi, maji yamelala mpaka kwenye tuta la reli.

"Hii ni ya mto."

Dar es Salaam tulishuka stesheni maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, kuku wamekaa kimya kwenye tenga kama watu wa msibani. Mama akamwangalia baba.

"Hii ni ya Dar," baba akasema. "Unguja ni kwingine kabisa. Ni kisiwa."

Melini wote tulitapika isipokuwa kuku. Tulipofika Unguja mvua ilikuwa inanyesha namna ambayo sisi watu wa Singida hatukuwa na jina lake. Kwetu mvua inakuja, inapiga kelele, inaondoka, na watu wanaizungumzia wiki nzima. Ile ilikuwa haipigi kelele. Ilikuwa imehamia.

Bi Zuwena alikuwa na nyumba ndogo ya mawe na mabati yenye kutu, pembeni ya mji, hatua chache kutoka pwani. Alifungua mlango, akatutazama, sisi wanne tumelowa, tenga linachuruzika. Akamkumbatia baba kama mtoto, akalia kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, mbona mwaja masika?"

"Masika yamepita, mama."

"Yamepita wapi? Ndiyo kwanza yamekolea! Nimekuandikia uje yakishapita. Mwezi wa sita, kusi likivuma, kipupwe, hewa baridi, jua zuri. Nani aliyekusomea barua?"

Nilitamani sakafu ifunguke. Baba aligeuka, akaniangalia, na mimi nikaangalia kuku. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa alichosema.

"Aliyesoma kasoma vizuri. Masika ya kwetu yamepita. Nyinyi huku mna masika mengine, mngesema."

Kumbe ndiyo hivyo. Sisi wa Singida masika yetu yanaanza karibu na Desemba na kuishia mwezi wa nne. Wao ndiyo yanawashika hapo hapo yanapotuachia. Neno moja, kila mtu ana lake. Mwajuma aliponitumia chati yake nilitaka kumwambia, mwanangu, kwetu chati ilikuwa neno moja tu na likatupoteza.

Siku ya kwanza hatukutoka. Siku ya pili hatukutoka. Sisi wanne tulilala chumba kimoja, mama na Zaituni kitandani, mimi na baba mkekani, bati linavuja pembe mbili, sufuria zinalia tin, tin, tin. Nguo hazikauki. Unga unaanza kushikana. Baba alikuwa anakaa dirishani kama alivyokuwa anakaa dukani, mgongo kwetu, anatazama mvua kama mteja asiyenunua.

Mama ndiye aliyeanza kuharibu ile huzuni. Huyu ni mwanamke wa Ilongero, amekua anachimba visima vya mchanga kwenye korongo ili apate ndoo moja. Siku ya pili asubuhi alitoka na kila chombo cha Bi Zuwena, ndoo, beseni, sufuria, bakuli, mpaka birika la chai, akavipanga chini ya michirizi ya bati.

"Mwanangu," Bi Zuwena akamwambia, "bomba lipo uani. Maji yapo."

"Na haya je? Yaende bure?"

"Yaende, mwanangu. Mengine yaja."

Mama hakuamini. Alijaza kila kitu, na vilipojaa akamwaga akajaza tena, ilimradi asiyaone yanapotea. Kisha akavua kandambili akashuka pwani vile vile na mvua, sisi tukamfuata mbio. Watu wa pale wamejibanza barazani wanatuangalia. Alifika ukingoni, akaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakusema ni kubwa, hakusema ni nzuri. Akasema kwa hasira:

"Inanyesha juu ya maji! Hivi nani kapanga hivi? Maji juu ya maji, na Ilongero wanaangalia juu!"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Mzee mmoja akamuuliza Bi Zuwena kutoka barazani, "Wageni wako hawa wana wazimu?" Bi Zuwena akajibu, "Wa bara. Waacheni waoge."

Lakini baba hakucheka. Siku ya tatu asubuhi tuliamka tukakuta ameshafunga begi.

"Tunarudi," akasema. "Hapa hatupumziki, tunaoza. Kila siku ninayokaa hapa nazidi kuwa mjinga. Nitawaambia nini? Nimeacha duka nimekuja kufungiwa chumbani?"

Nilijua kosa ni la nani. Nilijua pia Mzee Ntandu ana sindano na uzi tayari. Mama alikuwa anachambua mlenda. Hakunyanyua hata kichwa.

"Baba Jumanne, likizo uliiomba wewe?"

"Niliiomba."

"Aliyeikubali nani?"

"Mimi."

"Imeandikwa siku ngapi?"

"Saba."

"Kwa hiyo anayekufukuza kazini siku ya tatu ni nani? Nionyeshe, niende nikamwone."

Baba alisimama na begi mkononi. Mvua ikaongeza. Kisha akaliweka chini, akavua shati, akalitupa juu ya kiti, akakaa mkekani katikati yetu. Si dirishani. Katikati. Akasema, "Haya. Zaituni, nasikia unajua mdako. Nifundishe."

Wenzangu, sijui niwaambieje siku nne zilizofuata. Hakuna kilichotokea, na ndiyo maana yake. Baba alicheza mdako na vikokoto, mikono ile mikubwa, anashindwa na mtoto wa miaka saba, anakasirika kweli, anadai marudio. Alipika. Nilikuwa sijui kwamba baba yangu anaweza kupika. Alichinja kuku wawili, akawapika kwa chumvi na asali, akasonga ugali wa uwele akamwekea Bi Zuwena. Bi Zuwena akamega, akatafuna, akatafakari.

"Mwanangu, hiki chakula au lipu ya ukutani?"

"Kula, mama. Ndicho kilichomfanya dada yako asirudi."

"Kumbe! Mie nikidhani ni mapenzi."

Alilala mchana, baba. Saa nane ya mchana, mdomo wazi, anakoroma, Zaituni anamhesabia. Alitusimulia habari za baiskeli ya chumvi, jinsi alivyoanguka nayo korongoni njia ya Nduguti na kulamba chumvi mchangani kwa uchungu. Alimuuliza Bi Zuwena mama yake alikuwa anacheka vipi alipokuwa msichana, na Bi Zuwena akacheka kile kicheko, na baba akaomba arudie. Siku ya sita aliniita, akanyoosha kidole kwenye ukuta wenye unyevu, akasema, "Niandikie jina langu hapo. Taratibu. Nione mkono unavyokwenda." Nikaandika kwa mkaa. Akaandika chini yake. Lilipinda, lakini lilisomeka. Siku hiyo nilikaa karibu naye kiasi cha kuona ana kovu dogo chini ya kidevu. Miaka kumi na moja ya maisha yangu, nilikuwa silijui.

Jua lilitoka asubuhi ya kuondoka. Bi Zuwena akasema, "Mwaona? Sasa ndiyo Unguja." Sisi tayari tuko na mizigo mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyesikitika.

Tukarudi. Kuku hawakuwepo, mengine yote yalirudi yakiwa na ukungu. Mashati ya baba yalikuwa na madoa meusi kama mtu aliyerushiwa pilipili manga. Mama alitaka kuyaanika uani. Baba akakataa.

"Anika mbele. Barabarani. Waone."

Mzee Ntandu hakuchelewa. Alivuka barabara akiwa na futi ya kupimia shingoni, watu wanamfuata kusikia.

"Enhe, bwana likizo! Mbona hujaungua? Jua la Unguja vipi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikajua hapa baba atatunga, na mimi nitaapa kwamba ni kweli.

"Hakuna jua," baba akasema, kwa sauti ambayo mpaka soko lilisikia. "Mvua. Siku saba mvua. Tulikosea masika, tumefungiwa ndani na mke wangu na watoto wangu, chumba kimoja, bati linavuja. Nimelala mchana. Nimeshindwa mdako na huyu Zaituni. Na kama ningejipa siku kumi na nne, ningekaa zote kumi na nne. Cheka sasa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ntandu akashika shati moja kwenye kamba, akasugua doa kwa kidole, kama fundi anavyosugua.

"Hii haitoki," akasema.

"Isitoke."

Akarudi kwake. Lakini jioni ile alinikuta nacheza, akaniita pembeni kama mtu anayeuza magendo. "Jumanne. Ile barua. Inaanzaje?" Nikamwandikia. Kwa Mwenye Cherehani. Mhuri hakuwa nao, akaigonga kwa kifungo cha koti alichokipaka wino. Wiki iliyofuata cherehani ilifunikwa shuka siku nne, mzee ameenda Mitundu kwa binti yake aliyekuwa hajamwona tangu aolewe. Aliporudi alikuwa anasema "nilipokuwa likizo" kila sentensi.

Baba hakwenda tena. Hilo nalisema na limenikaa hapa. Kila mwaka alisema mwakani. Duka likawa maduka mawili, kisha mashine ya alizeti ya kwanza, kisha presha, kisha tukamzika. Mimi nimerithi mashine na nimerithi ubishi, lakini nikiulizwa nilimjua baba kwa muda gani, jibu langu ni siku tano, kutoka siku ya tatu mpaka ya saba, mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Ingekuwa mwezi wa sita, jua zuri, kipupwe, angetoka asubuhi kutafuta bei ya karafuu na nazi, angerudi jioni na mgongo wake.

Msidhani nakataa chati kwa ujinga. Niliijaribu. Mwaka jana niliwasikiliza watoto, tukaenda mwezi wa nane, ule wa kijani. Jua kama la kuagiza. Vyumba vitano, kila mtu na ufunguo wake. Wa pili alikwenda kuzamia kuangalia samaki, ambao angewaona sokoni. Wa tatu alikuwa anapiga picha chakula mpaka kinapoa. Wa mwisho amevaa vitu masikioni, ukimwita anakuonyesha kidole, subiri. Mwajuma alikuwa ameleta kazi kwenye kompyuta. Siku sita nilikutana nao kwenye chai ya asubuhi, kama wageni wa nyumba yangu ya wageni. Mimi na mama yao tulikaa kwenye viti virefu tukaangalia maji ya bluu. Mazuri sana. Siku ya nne mke wangu akasema, "Hivi tungekuja wenyewe, kungekuwa na tofauti gani?"

Kwa hiyo nimemjibu Mwajuma. Nikamwambia, wazungu wanakimbia mvua, sawa, wao wanayo nyingi kwao. Sisi tunatoka Singida. Njoo mwezi wa nne.

Kisha akasema, kwa sauti nyingine, ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo:

"Baba, ningependa. Ila mwezi wa nne ofisini hawatoi ruhusa."

"Hawatoi nani?"

"Bosi. Likizo zetu wanapanga wao."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Baba yangu hakujua kusoma na alijipa siku saba. Mtoto wangu ana digrii, ana haki ya likizo imeandikwa kwenye sheria, na hawezi kuchagua lini akae na baba yake. Nyinyi mnaosema enzi zetu tulikuwa nyuma, niambieni nani yuko nyuma. Tulikuwa hatuna kitu. Lakini siku zilikuwa zetu, tukiamua kuzichukua.

Tiketi nimeshakata. Za watu sita. Chumba nimechukua kimoja, kikubwa, na nimewaambia walete mikeka. Yule wa mwisho ameuliza kama kuna mtandao, nikamwambia sijui na sitauliza. Wawili wamesema watakuja. Wa tatu anafikiria. Mwajuma jana usiku alinitumia ujumbe, mfupi, wa maneno manne: "Baba, hiyo barua inaandikwaje?"

Nimemjibu aanze na Kwa Bosi, na akikataliwa anipe namba ya huyo bosi.